Kibao cha Kiswahili

Tangu Alhamisi, Wema wa kidato cha pili alikuwa amevaa shingoni kibao cha mbao chenye maandishi mekundu: NIMEONGEA KISWAHILI. Kosa lake lilikuwa zito. Alikanyaga siafu, akasema "Mama yangu" bila kutafuta tafsiri kwanza.

Sheria ya kibao aliitunga Mkuu wa shule, Mwalimu Ngeleja, kwa kalamu yake mwenyewe. Mwenye kibao hukivua na kumvisha mtu mwingine akimnasa akiongea Kiswahili ndani ya uzio. Atakayekutwa nacho Jumamosi ya wazazi atasugua masufuria, wala hataonana na mgeni wake. Na Bibi Mwanajuma, bibi yake Wema, alikuwa anakuja Kibaha kutoka Kisarawe kumwona mjukuu aliyemkosa tangu Januari. Kwa siku mbili Wema alitega masikio, lakini shule nzima ilikuwa imegeuka mabubu.

Jumamosi, kutoka dirisha la jikoni, alimwona Mkuu akipokea wageni. Ili wazazi waonje matunda ya elimu, Mkuu alikuwa ameapa kuongea Kiingereza kutwa nzima, na Mwalimu Silas pembeni akitafsiri kwa kibali maalumu.

Bibi Mwanajuma akafika, akasimama mbele yake, akangoja.

Mkuu akaeleza kwa Kiingereza jinsi alivyofurahi.

"Anasema shikamoo," akatafsiri Mwalimu Silas.

"Nani anasema?"

"Mkuu, bibi."

"Mbona namwona ana mdomo? Siku hizi shikamoo inatumwa kama barua?"

Mkuu akarudia polepole, kana kwamba Kiingereza kikipunguzwa mwendo hugeuka Kizaramo. Foleni ya wazazi ikarefuka.

"Mimi nasimama tu, mwanangu," alisema bibi. "Sina haraka."

Mkuu alikuwa amelelewa vizuri na mama yake. Magoti yalimsaliti kwanza, ulimi ukafuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Pole na safari."

Wema akatoka jikoni na masizi hadi viwikoni, akavua kibao, akakishika kwa mikono miwili kama anayekabidhi kombe.

"Mkuu," akasema kwa Kiingereza safi, "sheria inasema mtu yeyote aliye ndani ya uzio."

Mwalimu Silas, kwa mazoea, akatafsiri, wazazi wote wakasikia.

Mkuu akakitazama kibao. Kisha akainamisha shingo.

Baada ya dakika kumi koti lake lilikuwa limetundikwa msumarini, naye anasugua sufuria la ugali. Wazazi, ambao miaka yote hawakuwa na swali, wakajipanga dirishani.

"Mkuu," alianza mzee Shija, mfugaji, "huyu wangu shule ya msingi alikuwa moto kwenye sayansi. Huku anakariri tu, ukimwuliza maana hajui. Tatizo nini?"

Kwa kuwa kibao kilikuwa tayari shingoni, Mkuu akajibu kwa Kiswahili, kwa kirefu. Wakabishana naye, wakacheka naye, mpaka adhuhuri.

Wema hakuyasikia. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na bibi yake, mdomo umejaa fenesi, akimsimulia yote ya tangu Januari.