Mafao ya Kiwanda cha Matango

Delmar Wozny aliuza bima pale Harlan Creek, Wisconsin, miaka yote aliyokuwa na nywele, na mingine mingi baada ya kuzipoteza. Bima ya gari, bima ya nyumba, bima ya trekta, hata ya ng'ombe wa maonyesho. Lakini sasa vijana wananunua bima kwenye simu wamejilaza kitandani, na wateja wake wazee wanakwisha mmoja mmoja. Kila mazishi Delmar alihuzunika mara mbili, mara ya kwanza kwa marehemu.

Alikuwa na mfanyakazi mmoja tu, Bernadine Thull, mama wa makamo asiyejua kunong'ona. Na tuseme ukweli, ofisi ilikuwa Bernadine. Wateja wakipiga simu walimtaka yeye. Delmar hata karatasi za mashine zinakaa wapi hakujua, na wala hakuona aibu kutojua.

Msimu ule wa baridi kampuni kubwa ya bima ilimwita semina mjini Milwaukee. Akarudi macho yanawaka.

"Bernadine, tumepona! Tunaingia kwenye mafao ya wafanyakazi. Hakuna tena kubembeleza mtu mmoja mmoja. Unamkamata mwajiri, unamuuzia bima ya afya, ya meno, ya maisha, ya watu wake wote kwa mkupuo."

"Mwajiri gani huyo?"

"Arlo Hegseth, wa kiwanda cha matango ya siki."

"Arlo! Arlo anayekata donati moja vipande vinne? Bosi, safari imekuchosha. Kalale."

"Silali. Nikimkosa Arlo, tutafunga huu mlango kabla theluji haijayeyuka. Kaa kwenye kile kiti, ujifanye Arlo, nifanye mazoezi."

Basi Bernadine akawa Arlo wiki nzima. Delmar akasimama mbele yake, akaweka mkono kifuani, akahutubia kuhusu mfanyakazi anayevumilia maumivu kimyakimya kwa sababu mwajiri wake hajafikiria. Na kila alipofika hapo patamu, Bernadine alikunja uso, akashika shavu, akatazama dirishani.

"Haijakugusa," Delmar alisema, amenywea.

"Imenigusa, bosi. Endelea."

"Mtu akiguswa hawi na sura hiyo. Ngoja niibadilishe."

Akaibadilisha. Akaongeza mjane. Akaongeza watoto wa mjane. Bernadine akazidi kukunja uso na kunywa supu yake ya jibini kwa upande mmoja wa mdomo, na Delmar akarudi mezani kuandika upya. Kichwa kile kilikuwa kigumu, jamani.

Siku ilipofika akamkuta Arlo kiwandani amevaa buti za mpira, ananuka siki hadi kwenye nyusi.

"Bwana Delmar, mimi watu wangu ni familia," Arlo alisema. "Bima ya nini? Kila Krismasi kila mtu anapata paja zima la nguruwe."

"Ndugu yangu, paja la nguruwe linaziba jino?"

Arlo akafuta siki kwenye nyusi. Delmar alipoona mlango umeachwa wazi akaingia mzima mzima. Akamtaja mfanyakazi anayevumilia, akamtaja mjane. Akamuuliza kwa nini kila masika watu wake wanakimbilia kiwanda cha karatasi mji wa pili. Hapo ndipo palipomchoma Arlo, maana ilikuwa kweli. Akanung'unika, akazunguka pipa, akanung'unika tena, kisha akatoa mkono.

Wafanyakazi wakakusanywa chumba cha chakula wasikie. Watu wa kule hawasemi shida. Mtu amevunjika mguu ukimuuliza hali atakwambia si mbaya sana. Delmar alijua, akawahutubia kwa moto uleule mpaka dereva mmoja wa foklifti ya kunyanyulia mapipa akapenga kamasi kwa kishindo. Bernadine, aliyekuja na donati, alisimama nyuma karibu na mlango, akasikiliza mpaka mwisho kiganja shavuni, bila kukunja uso hata mara moja. Kisha akapotea kidogo na Arlo kwenye korido. Delmar hakujali, watu walikuwa wamejipanga foleni kujiandikisha.

Jumatatu iliyofuata, Delmar ameweka miguu juu ya meza, Arlo akapiga simu.

"Bwana wewe mchawi! Zamani nilikuwa natafuta watu kwa tochi. Sasa wanakuja wenyewe. Kuna mama mmoja ameomba kazi ofisini kwangu, hodari, kamtumikia mtu mmoja miaka na miaka. Jino linamuua, na bosi wake hajawahi kumpa bima ya aina yoyote. Unasemaje, nimchukue?"

Delmar akashusha miguu. Alikuwa bado na moto wa hotuba.

"Unaniuliza? Mchukue leo! Na huyo bosi wake ni mtu gani? Hana haya? Mtu wa namna hiyo ofisi ikimfia mikononi amestahili!"

"Haya, umesema mwenyewe," Arlo alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko. "Kazi nimeshampa, ana mpaka saa sita anijibu. Msalimie Bernadine."

Delmar akarudisha simu mezani. Aibu ilimshika, na chini ya aibu kulikuwa na hofu tupu. Akatoka mpaka kwenye meza ya mbele. Bernadine alikuwa anakunja sweta lake analoliacha ofisini kila msimu wa baridi.

"Bernadine, dada yangu, sisi hapa tuko wawili tu. Sisi ni kama familia."

"Mm."

"Na bima kwa watu wawili ni ghali, unajua mwenyewe. Halafu kila Krismasi si nakupa…"

Bernadine akamwangalia.

"Malizia, bosi. Unanipa nini?"

"Paja la nguruwe," Delmar alisema kwa sauti ndogo.

"Linaziba jino?"

Delmar akavuta kile kiti cha Arlo wa mazoezi, akakaa mwenyewe. Zamu hii Bernadine ndiye aliyesimama mbele yake, mkono kifuani, akaanza na mfanyakazi anayevumilia kimyakimya. Hakufika hata kwa mjane. Delmar akainua mikono juu.

"Basi! Nimenunua. Meno, afya, maisha, vyote. Na unisamehe. Mpigie Arlo umwambie hapana, nakuomba, kabla ya saa sita."

Bernadine akampigia Arlo, halafu akampigia daktari wa meno, akaning'iniza sweta pale lilipokuwa. Delmar alikuwa bado kitini, anajikuna kipara.

"Linauma tangu lini?"

"Tangu kabla hujaenda Milwaukee."

"Kwa hiyo zile siku zote umekunja uso, ni jino? Hotuba ilikuwa nzuri tangu mwanzo?"

"Nzuri sana, bosi," Bernadine alisema, ameshika shavu. "Kama ingekuwa mbaya, ingenishawishi vipi niombe kazi kwa Arlo?"