Alichosema Crabtree Akimuaga Tinker

Hapa Hollywood, enzi zile sinema hazina sauti, mtu akikuambia mbwa hana kipaji, ujue ana mashaka na chake mwenyewe. Mbwa wetu Tinker nilimfundisha mimi. Akiinamisha kichwa kwa huzuni, hata mafundi wa taa walipenga kamasi. Lionel Crabtree, nyota wetu, hakutoa chozi mpaka apigiwe fidla.

Crabtree alimwonea kijicho waziwazi. Akaenda kwa Bwana Gruber, mwenye studio, akamtaka achague: yeye au mbwa. Gruber akasema ataamua baada ya onyesho la kwanza la filamu tuliyokuwa tukipiga. Roho ikaniruka, maana Gruber alikuwa na desturi ya kumsikiliza aliyelalamika zaidi, na Tinker hakujua kulalamika.

Siku ya kupiga tukio la mwisho, Crabtree alikuwa mchimba dhahabu anayekufa kwenye theluji ya chumvi, kamkumbatia Tinker. Fidla ikalia, machozi yakamtoka. Kamera ikamsogelea usoni, naye akamnong'oneza mbwa kwa upole kabisa:

"Unanuka, mshenzi wewe. Karibuni utalala jalalani. Gruber mwenyewe bahili asiye na akili, namwendesha nitakavyo."

Tulimsikia sote. Nani ajali? Filamu haikuwa na masikio, na waigizaji waliropoka walivyotaka. Maandishi kwenye pazia la sinema, badala ya sauti yake, yangesema: "Kwaheri, rafiki yangu wa pekee."

Usiku wa onyesho, ukumbi ulilia kama msibani, isipokuwa viti vya mbele, ambako watu walicheka hadi wakashika mbavu. Walikuwa viziwi. Hao waliipenda sinema kuliko sisi sote, na midomo waliisoma kama gazeti. Gruber akakasirika, akamwuliza mama yake kwa ishara kulikoni. Bibi Gruber, ambaye naye hakusikia tangu zamani, akamjibu kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Huyo kijana anasema mbwa ananuka, mwanangu. Na wewe bahili usiye na akili, anakuendesha atakavyo."

Kilio kikakatika.

Tusi la mbwa Gruber alilisamehe palepale, hata akatabasamu. Lake ndilo lililomkaa kooni. Kesho yake Crabtree alifungiwa geti, na Tinker akapewa filamu nyingine. Nilifurahi, sikufichi. Nikamwuliza Gruber kama sasa ameamini kwamba Tinker ni msanii.

"Hafungui mdomo mpaka aambiwe," akasema. "Nawe jifunze kwake."