Mahindi Yaliyohesabiwa Mara Tatu

Msiniambie mimi habari za takwimu! Mimi Marselina nilizijua siku zilipokaribia kuniulia mjukuu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa huku Kisanga, na mwenyekiti wetu alikuwa Onesphory, mwanamume aliyependa sifa kuliko ugali. Kila alipokuja mgeni wa serikali kukagua mavuno, trekta lilimtangulia. Lilichukua magunia ya mahindi kijiji cha jirani, yakapangwa kwenye ghala letu mpaka juu. Mgeni akishahesabu na kutupongeza, trekta linayabeba magunia yale yale kwenda kumsubiri kijiji kinachofuata. Vijiji vitatu, mahindi yale yale! Na sisi tukapiga vigelegele, wajinga wakubwa, tukiona tunasitiri aibu ya kijiji. Nani anataka mgeni aone ghala tupu?

Kisha mvua ikagoma. Tukala mizizi ya porini, tukala majani. Binti yangu Bibiana alikuwa ametoka kujifungua, maziwa yakamkauka, na mtoto akalia mpaka hata kulia kukamshinda. Tukasikia unga wa njano, ule tuliouita yanga, umefika stesheni ya Kilosa na unagawiwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mto walipata. Sisi hata kibaba hatukupata.

Akaja Vitalis, bwana takwimu wa wilaya, kijana mpole mwenye mkoba. Onesphory akamchinjia kuku, na wali juu yake! Sijui aliutoa wapi. Tukajaa darasani kumsikiliza mgeni.

"Shikamooni wazee," alisema Vitalis.

"Marahaba. Unga wetu uko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, unga ule unanunuliwa Marekani. Mmarekani hataki shilingi zetu, anataka dola, na dola moja ni shilingi saba na ushee. Dola zenyewe tunazipata kwa kuuza katani, pamba na kahawa, na mwaka huu mafuta yamepanda bei, yamezimeza. Kwa hiyo unga ni kidogo, unapelekwa kwenye upungufu. Ninyi mna ziada. Mahindi yenu yameshajumlishwa kwenye pato la taifa."

"Ziada!" Damu ilinipanda kichwani. "Magunia yale yalikuwa ya kuazima! Yatoe huko basi!"

"Siwezi kuyatoa mimi. Mpaka mwenyekiti akiri mbele yangu na kutia sahihi kwamba hayakuwa yenu."

Wote tukamgeukia Onesphory. Akajifuta jasho. "Ndugu zangu, mnataka nifungwe? Kijiji kilipongezwa redioni!"

"Redio tutaisonga ugali?" nikafoka. "Mwanaume mzima huna haya!"

Watu wakainamisha vichwa. Nao waliogopa, maana kila mmoja alikuwa amebeba angalau gunia moja kulipanga pale ghalani. Hapo Bibiana akainuka. Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mapaja ya Onesphory.

"Mnyonyeshe wewe," alimwambia. "Wewe ndiye mwenye ziada."

Mtoto akafungua mdomo, akakitafuta kifungo cha shati la mwenyekiti. Onesphory akamtazama, kisha akalia kama mtu aliyefiwa. Akaomba kalamu huku bado amempakata.

Unga ulifika kabla mwezi haujaisha. Bibiana alikunywa uji mpaka maziwa yakarudi, na mjukuu wangu akapona. Onesphory hakufungwa, alivuliwa uenyekiti tu. Mimi sijamsamehe, na asinitegemee.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri. Tukavuna mahindi yetu wenyewe, hatukuazima hata gunia, na ingawa ghala halikujaa mpaka juu, hatukuwahi kuvuna mengi hivyo tangu tuhamie. Tulicheza ngoma siku mbili. Akaja mkubwa mmoja kutoka mkoani, amenuna, akatukusanya pale pale mlangoni mwa ghala.

"Uzalishaji wa kijiji hiki umeporomoka vibaya," alisema. "Vitabu vya mkoa vinaonyesha miaka miwili iliyopita mlikuwa mfano, leo mmekuwa wavivu! Mnalirudisha taifa nyuma!"

Wavivu! Na viganja vyetu vilikuwa bado vina malengelenge. Nikapita mbele ya watu wote, nikaufungua mlango wa ghala kwa mikono yangu.

"Ingia uone, ndugu," nikamwambia.

Hakugeuza hata shingo. Alisema hana haja ya kuingia, takwimu anazo.