Betri Juu ya Pamba

…na bado wananicheka, mimi, mimi niliyewapita na pikipiki yangu ya umeme kwenye kile kilima cha Zagayu mpaka upepo ukawavua kofia, wanacheka hao wenye vyombo vya petroli vinavyokohoa kama mbuzi mwenye kifua, na Luhaga huyo yuko nje anapiga honi, "Baba Gloria! Simu yako imejaa chaji?", pikipiki yangu anaiita simu, mshenzi, juzi si alisema huvuki korongo lile limejaa, nikavuka, maji mpaka kwenye kiti, samaki wananipisha, nikatokea ng'ambo kama meli… ilikuwa imezima, sawa, nilitoka naisukuma… jana nikachomoa betri nikaianika juani kutwa nzima kama tunavyoanika pamba iliyonyeshewa, pamba si hukauka, nani kaona pamba ikianikwa inavimba, "Baba Gloria, hili dude mbona lina tumbo?", huyo ni Nyanjige, mke wangu, anauliza tangu asubuhi, nikamwambia limeshiba jua, akacheka, ila hakucheka sana… plagi mkononi, soketi hii hapa, nichomeke tu nirudi barabarani, nisipochomeka kijiwe kizima watasema si tulimwambia, nitaitwa baba simu mpaka nazikwa, na yule fundi mjini, eti likivimba usilichaji, liweke mbali na nyumba, fundi gani anaogopa betri, akashone viatu, mimi radi yenyewe ikinipiga inaomba radhi… lina joto. Sijachomeka bado, tayari lina joto, na linanuka, utamu utamu, kama rangi ya kucha, na nililiweka wapi mimi mwenye akili kuzidi Bariadi nzima, juu ya pamba, lisigongwe, pamba ya msimu mzima imejaa chumba hadi kwenye bati inasubiri mnunuzi, na humo humo Gloria, ana homa, kajichimbia kama kifaranga, mdomo wazi, anaivuta harufu hiyo hiyo… "Umechomeka?" Nyanjige huyo, yuko jikoni, na honi tena, cheka Luhaga, cheka mpaka meno yakudondoke yafike kijiji cha Lalago, wewe ungeshachomeka, ungechomeka, na mimi nilikuwa nachomeka… plagi bado mkononi, "Nyanjige," na sauti inatoka ndogo, ya nani hii, "njoo umtoe mtoto. Taratibu. Usiwashe kitu."