Arki Iliyotoka Chini ya Godoro

Chupa ile niliiokota mimi mwenyewe, nilipokuwa nageuza godoro la Kokushubila ili lipigwe jua. Ilikuwa ndogo kama chupa ya dawa ya macho, ina mdomo mwembamba, na karatasi yake imebanduliwa ikabaki picha ya ndizi mbivu upande mmoja. Nikaifungua, nikanusa. Ndizi kabisa! Kama zile tunazovundika za pombe ya rubisi, zikaiva mpaka zinapasuka. Sasa nikaelewa kwa nini chumba cha mjukuu wangu kilinukia hivyo tangu aje likizo huku Kagoma, akitokea Bukoba anakosoma na kukaa kwa baba yake. Nilishainama mara nyingi chini ya kitanda chake nikitafuta maganda, nikidhani anaficha ndizi anakula peke yake.

Nikaipeleka jikoni kwa mkamwana wangu Agnetha, mama yake Koku. Alikuwa anakoroga rojo la keki ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani yetu Kashaija, na arki ya kutia harufu ilikuwa imemwishia.

"Mama, umeitoa wapi?"

"Kwa binti yako. Si wanafundishwa mapishi huko shule? Anakuficha wewe fundi mwenzake."

"Fundi gani, waitu! Yule hata chai anaunguza." Agnetha akacheka, akaminya chupa yote ndani ya bakuli.

Mimi nilionja kwa ncha ya kidole. Ulimi ukawasha kama nimelamba pilipili changa, nikatema nje.

"Arki hii ni ya zamani, mwanangu. Inawasha."

"Ikipata moto itapoa, mama."

Akamimina rojo kwenye sufuria, akaifunika, akapanga makaa juu ya kifuniko. Bakuli akampa Aroni, mdogo wake Koku, mtoto ambaye hata chekechea hajaanza. Ndiyo desturi yake: mama akipika keki, yeye anakaa mlangoni akingoja kuramba bakuli. Akaingiza mkono mzima, akajipaka mpaka masikioni.

Ndipo Koku akarudi na ndoo ya maji. Aliitua, akainua macho, akaiona chupa mezani. Nimemlea yule mtoto, lakini uso ule sikuwa nimewahi kuuona.

"Nani amechukua..." Akamwona Aroni. Akalipiga bakuli likaruka mpaka uani. "Tema! Aroni, tema!"

"Koku! Umerukwa na akili?" Agnetha akasimama.

"Msile, mama. Mwageni. Mwageni yote."

"Kuna nini humo?"

Agnetha akashika mwiko. "Nakuuliza wewe! Kuna nini?"

Koku akaruka kizingiti, akapotelea kibanjani kwenye migomba.

Tulikuwa bado tunatazama alikopitia, Aroni akanivuta kitenge. "Bibi, tumbo." Akatapika hapo hapo. Akatapika tena. Mate yakawa yanamtoka mfululizo kama mtoto anayeota meno, midomo ikawa rangi ya majivu, na jasho likamtoka kichwani, jasho la baridi. Mtoto aliyekuwa anacheka sasa hivi! Nilimwita jina lake, akanitazama kama mtu aliye mbali.

Agnetha alipiga yowe. Lwakatare, kijana wa bodaboda anayekaa njia panda, alifika na pikipiki kabla yowe halijaisha. Mkamwana wangu akampakata mwanawe, akatia chupa kifuani.

"Mama, mtafute yule. Mganga wa kituo cha afya ataniuliza mtoto amekula nini, nitamjibu nini? Keki? Chupa yenyewe haina jina!"

Wakaondoka. Nikabaki mimi na sufuria ya keki inayonukia vizuri mno. Nikaitupa yote chooni, halafu nikaingia kibanjani.

Kibanja chetu ni cha zamani, migomba imesongamana na mibuni chini yake, na mtoto aliyekulia humo akitaka usimwone, hutamwona. Nikaita kwa hasira, "Koku! Mdogo wako anakufa na wewe umejificha!" Nikasikia majani makavu yakivunjika, yakielekea mbali zaidi. Hapo nikajua nimekosea. Nikaacha kuita. Kila nilipomeza mate niliona midomo ya Aroni.

Nikaenda makaburini. Mume wangu Kyaruzi amelala hapo kwenye migomba, pamoja na wazazi wake, na kwetu hakuna anayeinua sauti wala fimbo mahali hapo. Koku alilijua hilo tangu utoto. Akiharibu kitu anakimbilia kwa babu yake, na baba yake anaishia ukingoni, anarudi na kiboko chake.

Alikuwepo. Amekaa ameegemea saruji ya kaburi, magoti kifuani. Nilitaka kumkamata nywele nimburute mpaka kituo cha afya. Lakini nikifanya hivyo ataruka tena, na mimi miguu ya kumkimbiza sina. Basi nikakaa. Nikaanza kung'oa magugu pembeni ya kaburi, jani moja moja, kama mtu aliyekuja kupalilia tu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Sina fimbo," nikasema.

"Mama anayo."

"Mama yuko kwenye pikipiki na Aroni."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Amekufa?"

"Sijui, mjukuu wangu."

Akaanza kulia. "Ukijua utanichukia, bibi."

"Nijue kwanza. Kuchukia kutasubiri."

"Ni maji ya vepu."

Sikujua vepu ni mdudu au ni mti. Akatoa mfukoni kitu chembamba, kinang'aa, ungedhani rangi ya mdomo. "Sigara ya umeme. Unatia yale maji, unavuta, unatoa moshi. Wenzangu shuleni walisema ni mvuke wenye harufu nzuri tu, hauna neno."

"Na kweli hauna neno?"

"Maji yale yana nikotini. Ile ya kwenye tumbaku."

Tumbaku! Sigara ya umeme siijui, lakini tumbaku naijua. Zamani tulikuwa tunailoweka kwenye maji, tunayanyunyizia mibuni kuua wadudu, na watoto tulikuwa tunawafungia ndani wasisogelee ile ndoo. Nikaiona picha nzima: mkono wa Aroni ndani ya bakuli.

Nikatoa simu yangu ya kitochi, nikampigia Agnetha. Akapokea nesi. Nikamwekea Koku simu sikioni.

"Ni nikotini," akasema. "Ya vepu. Ni ile kali... Chupa yote iliingia kwenye rojo, lakini yeye aliramba bakuli tu. Ndiyo. Ndiyo, nesi. Nina miaka kumi na mitano."

Alipomaliza nikamshika mkono, tukatoka kibanjani.

Tulipofika kituoni Aroni alikuwa na dripu, amelala, Agnetha amemwekea kiganja kifuani akihesabu pumzi. Mganga alisema moyo umeanza kutulia, ila hawatamruhusu mpaka wamwangalie usiku kucha. Nikakaa kwenye benchi la barazani, nikaogopa kumshukuru Mungu mapema.

Alasiri mwanangu Kahangwa, baba yake Koku, tuliyempigia simu, akafika kutoka Bukoba, na ovaroli lake la gereji. Akapita moja kwa moja kwa Aroni. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Nani?"

Koku akatoka mgongoni kwangu. "Mimi, baba."

Mkono ukapanda juu. Nesi Consolata, aliyekuwa anafunga dirisha, akasema bila kugeuka, "Baba, huyo ndiye aliyetupa jina la sumu. Bila yeye tungekuwa tunabahatisha hapa."

Mkono ukabaki hewani, ukashuka. "Nyumbani kwangu? Unavuta nyumbani kwangu na mimi nimo?"

"Chumbani, baba."

"Ile harufu... mimi nikadhani ni mafuta yako ya kupaka." Akafumba macho. "Lete."

Koku akampa kile kitu. Kahangwa akakitia mfukoni. "Basi. Yameisha, umeacha. Si ndiyo?"

Niliona neno "ndiyo" likimjia mdomoni. Lilikuwa rahisi, na baba yake alikuwa analingoja kama mwenye kiu.

"Hapana, baba."

"Unasema nini?"

"Hata sasa nakitaka. Aroni amelala pale na mimi nakitaka. Tangu asubuhi sijavuta. Ona." Akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka kama ya mwenye malaria.

Agnetha alikuwa amekuja mlangoni, amesikia. Nilimwona ameshika fremu ya mlango.

"Hiyo hamu ndiyo tutakayoitibu," nesi akasema. "Si kwa siku moja. Na ukimpiga, atajifunza kuficha vizuri zaidi."

Kahangwa akakaa kwenye benchi, akasogea kumwachia binti yake nafasi. Alikuwa na hofu kuliko alipofika. Namjua mwanangu.

"Hamu yake inakushika saa ngapi?" akauliza, kama mtu anayeuliza njia asiyowahi kuipita. "Asubuhi? Au ukiwa peke yako?"

Koku akafuta pua kwa kiganja, akaketi, akaanza kumweleza.