Wiki ya Fungate

Ketan, kijana wa ofisi ya wakala wa nyumba za likizo, aliacha kutazama kompyuta akamtazama Zamda. Zilikuwa zimebaki siku tano binti yake aolewe.

"Mama Husna, wiki yako ya Nungwi imeshachukuliwa."

"Na nani? Si yangu ile?"

Ilikuwa yake, kweli. Miaka mitatu nyuma Zamda, muuza vitenge wa Kariakoo asiyepunjwa na mtu, alinunua haki ya kukaa kwenye nyumba ya ufukweni Nungwi, Zanzibar, wiki moja kila mwaka, wiki ya pili ya Desemba. Wiki nyingine zina wenyewe. Februari mwaka huu akachoka kuona bahari ile ile, akaiweka wiki yake kwenye mpango wa kubadilishana ili apate ya mtu mwingine Durban. Agosti ikaja posa, arusi ikaangukia wiki hiyo hiyo, naye akatangaza Msimbazi nzima kwamba Husna na mumewe watakula fungate Nungwi.

Hakuiulizia tena. Aulize nini? Kariakoo ukikosa rangi anayotaka mteja, unachukua jora kwa jirani. Na jora lako likiwa kwake halijauzwa, unapita tu kulibeba. Mali ni ya mwenyewe hata ikilala duka la pili. Zamda alidhani na huku ni vivyo hivyo.

"Hapa sivyo, mama," Ketan alisema taratibu. "Ukishaiweka, inaingia kapu moja na wiki za wenzako wote. Anayeitaka anaichukua. Wewe unabaki na haki ya kuchagua nyingine ya daraja lile lile, ila katika zile zilizopo. Kwa Desemba zimebaki za Ulaya, kwenye theluji. Zanzibar hakuna hata moja."

"Basi mwambie aliyechukua anirudishie, mwanangu."

"Wameshakata tiketi za ndege. Hata majina yao siruhusiwi kukutajia."

Zamda alikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu kurudi nyumbani. Alikuwa anaogopa, tena sana. Alimwogopa mama wa bwana arusi, Bi Maimuna, mwanamke ambaye akikunyamazia unatamani heri angekutukana. Lakini zaidi aliuogopa uso wa Husna. Mtoto ameahidiwa, mashoga zake wameshasikia, na aliyeropoka ni mama mtu. Mdomo uliponza kichwa.

Alimkuta Husna peke yake chumbani, uso wote umepakwa liwa ya kumng'arisha ngozi. Akamweleza yote bila kupumua, kapu, daraja, jora la jirani, maana alijua akinyamaza kidogo atalia yeye.

"Mtakula fungate hapa, chumbani kwangu, kama tulivyofanya sisi zamani. Mimi nitahamia kwa mama yako mdogo. Na kwa Bi Maimuna nakwenda leo hii mwenyewe, aninyamazie anavyotaka. Nisamehe, mwanangu."

Husna hakukasirika. Liwa ilianza kuchirizika mashavuni, ndipo Zamda alipojua kwamba analia.

"Sililii Nungwi, mama. Umesema ukishaiweka huwezi kuichukua tena?"

"Huwezi."

"Na mimi je? Nikifika kwao mambo yakawa mabaya, ndiyo nimeshaingia kapuni?"

Hofu iliyomshika Zamda hapo ilimfanya amsahau Bi Maimuna na ukimya wake. Wiki nzima mashangazi na majirani walikuwa wakimwambia Husna kwamba ndoa ni kuvumilia, na yeye Zamda, akiwa amekaa pale pale, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hakuna aliyemuuliza mtoto anaogopa nini.

Akaishika mikono yake yote miwili.

"Ufunguo wa nyumba hii utaondoka nao," alisema. "Utarudi saa yoyote, Husna. Na sitakuuliza kitu mpaka uwe umekula."