Trei Zisizo na Jina

Verna Tuttle aliikuta trei ya kwanza Jumanne asubuhi, kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Tambi za kuoka kwa jibini, bado za moto. Aliinyanyua juu ya kichwa akachungulia chini yake kutafuta jina. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa trei nyepesi ya foili, ile ya kutumia mara moja na kutupa.

Katika mji wao wa Maddox Falls mtu akifiwa huletewa chakula kwenye bakuli la kioo, na chini yake hubandikwa utepe wenye jina la mpishi ili lirudishwe. Alipokufa mumewe Hank, mabakuli yalijaa mezani hadi mengine yakawekwa juu ya mashine ya kufulia. Verna alizunguka nayo mtaa mzima karibu mwezi. Kila mlango aliketishwa, akapewa kahawa, akalia kidogo. Hivyo ndivyo alivyopona. Sasa amefiwa na mwanawe wa pekee, na mtu amemletea chombo cha kutupa.

Mwanawe, Russell, ambaye kila aliyemjua alimwita Rusty, alikuwa fundi wa matairi. Jumamosi wenzake walimtuma sandwichi ng'ambo ya uwanja wa mahakama. Uwanjani watu wa mrengo wa kulia walikuwa wamesimama na bunduki zao, na wa mrengo wa kushoto wamejifunga vitambaa vyeusi usoni, wakitukanana tangu asubuhi. Tofali likarushwa. Halikujulikana limetoka upande gani, na polisi, waliokuwa wengi kuliko maua ya bustani ile, hawakuona. Lilimpata Rusty kisogoni, chakula cha wenzake mkononi.

Katika picha zilizosambaa mtandaoni alikuwa amevaa jaketi jeusi na kofia ya mabaka ya kijeshi. Jaketi lilikuwa la karakana, na kofia ilikuwa ya baba yake, ya kuwindia kulungu. Lakini siku hizi mji ule ulimsoma mtu kwa nguo zake. Wenye vitambaa vyeusi waliliona jaketi wakasema ni wetu. Wenye bunduki waliiona kofia, nao wakasema ni wetu.

Boyd Strickler, mwenye duka la mashine za kukatia nyasi na mkuu wa hao waliojiita Walinzi, alifika mchana. Alivua kofia mlangoni kwa adabu, kisha akaketi bila kukaribishwa. Bastola ya kiunoni iligonga mkono wa kiti.

"Pole sana, mama. Kijana wako amekufa shujaa."

"Alikwenda kununua chakula."

"Kesho vijana wangu sita watambeba, na sare zao. Bendera ipo. Jeneza niachie mimi."

"Wabebaji ninao. Wenzake wa kazini."

"Umewauliza leo?"

Leo Verna hakuwa amewauliza.

"Ukimzika kimyakimya, mama, umewapa ushindi waliomuua," Boyd alisema, akavaa kofia yake.

Jioni alikuja Tamsin, msichana mwembamba wa chuo kikuu, msemaji wa wale wa vitambaa vyeusi. Yeye alikaribishwa kiti akakataa. Simu yake ilikuwa inarekodi.

"Izime hiyo," Verna alisema.

"Samahani. Mama Verna, komredi Russell ameuawa na mafashisti. Kesho tutaandamana naye hadi kaburini."

"Ulimjua?"

"Tunajua alikuwa mfanyakazi."

"Alipenda kula nini?"

"Mama, jambo hili ni kubwa kuliko chakula."

"Mimi nataka watu sita waliomjua mwanangu. Wamshike vizuri, wamshushe taratibu. Basi."

"Ukinyamaza, unawasaidia waliomuua."

"Strickler kaniambia hivyohivyo mchana. Nenda kwenu, binti."

Alipopiga simu karakana, mwenye karakana alikohoa kwanza. "Verna, vijana wangu wamepigwa picha namba za magari yao. Mmoja ana mtoto mchanga. Hawataweza. Nisamehe." Verna alimwambia amemsamehe, na haikuwa kweli.

Asubuhi ya maziko alisikia nyayo nyuma ya nyumba, akafungua mlango ghafla. Jirani yake Lorna Beasley alikuwa ameinama, anaweka trei.

"Lile bakuli lako la bluu limevunjika, Lorna?"

"Lipo." Lorna hakuinua macho. "Dada, nikwambie nini? Mume wangu anaendesha lori la taka, na watu wa Strickler wanajua anapoliegesha. Hawa wengine nao wameanika anwani ya mchungaji mtandaoni, kisa kaombea pande zote mbili. Ukionekana kule, umeshachagua."

"Nimechagua nini? Ni Rusty anazikwa. Wewe ndiye uliyemfundisha kuogelea."

"Najua." Lorna alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Tambi hizi zipashe kwa moto mdogo," alisema, akaondoka akipitia nyuma ya ua.

Makaburini, makundi mawili yalijipanga huku na huku ya njia, polisi katikati, walewale. "Russell! Russell!" pande zote zilipaza sauti. Hakuna hata mmoja aliyeita Rusty.

Kando ya jeneza walikuwapo mzishi, dereva wake na Verna. Watu sita wenye sare wakasogea. Watu sita wenye vitambaa vyeusi nao wakasogea. Polisi wakawazuia wote. Mzishi alitazama saa.

"Bi Verna, chagua kundi moja tumalize. Tumepewa hadi adhuhuri tu."

"Hapana."

Mzishi akampungia mkono mchimba makaburi. Katapila dogo lililochimba kaburi lile likaja, udongo bado umegandia meno yake. Jeneza likawekwa kwenye kijiko chake na kufungwa mikanda. Katapila likaenda likilia pi, pi, pi, na simu zikanyanyuliwa kila upande. Verna alitembea kando, kiganja kimeshika ubao wa jeneza ili mwanawe asiteleze.

Aliporudi nyumbani, trei zilikuwa zimepangwa kwenye ngazi zote hadi chini kwenye majani. Aligusa moja. Ilikuwa ya moto. Majirani walikuwa wakipika wakati yeye anazika.

Aliziingiza ndani na kuzipindua moja moja juu ya sinki: tambi, viazi, kuku wa krimu. Alipangusa kila kitako kwa kiganja na kutafuta jina. Sinki lilipojaa aliendelea kumwaga sakafuni. Ya mwisho ilikuwa na alama ndogo ya gundi, mahali utepe wa jina ulipobandikwa kwa mazoea, kisha ukabanduliwa. Verna aliipitishia kidole tena na tena. Bado ilikuwa inanata.